Nilivyopata Alama Kumi na Mbili kwa Mama Yangu

Ipo nchi moja, na itaendelea kuwepo mpaka kamati itakapoamua vinginevyo, ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa sababu lilipelekwa kufanyiwa marekebisho na halijarudi. Katika nchi hiyo mimi ndiye niliyeleta Mizani ya Imani. Nasema mapema ili msije mkahangaika kutafuta wa kumlaumu. Naitwa Ludovick Mkwende. Siku hizi kazi yangu ni kushika mdomo wa gunia kwenye mashine ya kusaga, lakini wakati wa mambo haya nilikuwa Mkurugenzi wa Vipimo katika Wizara ya Kuaminiana. Hisabati nilifeli mara mbili, ya kwanza kwa bahati mbaya, ya pili baada ya kujiandaa vizuri.

Wizara yetu ilizaliwa kwa ajili ya mti. Mkuu wa Nchi alikuwa ameweka picha yake kwenye Kijiwe, huo mtandao wa serikali ambamo raia wote tunazungumza kwa hiari iliyowekwa kisheria. Kwenye picha alikuwa anapanda mti wake wa elfu moja. Chini yake mwananchi mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, mbona mti wenyewe ni ule ule wa mwaka jana. Kufikia alasiri watu laki mbili walikuwa wameuliza hilo hilo. Baraza likakutana kwa dharura, likagundua kwamba tatizo la nchi si ukame wala barabara, bali ni kwamba watu mtandaoni hawaaminiani. Ikaundwa wizara, na Waziri wake akateuliwa Mheshimiwa Pantaleo Sing'ombe, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Subira na alikuwa ameisubiri nafasi hiyo muda mrefu.

Katika kikao cha kwanza Waziri aliuliza nani kati yetu anaweza kutengeneza mashine ya kupima imani iliyopo kati ya mtu na mtu. Wote tukainamia meza. Kwa bahati mbaya mimi peke yangu nilikuwa na kalamu mkononi, nikiandika vitu ambavyo mke wangu aliniagiza nipitie dukani: sabuni, viberiti, dawa ya mende.

"Naona Mkwende ameshaanza," Waziri akasema.

*

Sasa, imani hupimwaje? Nilikaa ofisini siku tisa nikifikiri, na siku ya kumi nikaamua kuchungulia watu. Nikaona kwamba wenzangu wakimwandikia Waziri hutumia maneno matamu sana. Mmoja aliandika kuwa hotuba ya jana yake ilimtoa machozi, na mimi nilikuwa nimekaa naye kiti cha nyuma wakati wa hotuba hiyo, nikimpiga kiwiko aache kukoroma. Waziri naye aliwaamini wote. Kwa hiyo nikahitimisha, kwa haraka ya mtu anayewahi chai, kwamba palipo na maneno mazuri pana imani, na palipo na maneno mabaya hakuna.

Kanuni ikajitunga yenyewe. Unachukua salamu, pongezi, dua na vile vipicha vya viganja viwili vilivyokutanishwa. Unatoa kejeli, matusi, ubishi, maswali yasiyotanguliwa na salamu na ujumbe usiojibiwa. Kinachobaki unakigawanya kwa siku. Kila jozi ya watu nchini ikapata alama yake, kuanzia sifuri hadi mia.

Kuna kifungu kimoja nilichokipenda kuliko vyote, nakiri. Kilisema kwamba mtu akimwamini wa pili, na wa pili akamwamini wa tatu, basi wa kwanza anamwamini wa tatu hata kama hajawahi kumtia machoni. Nilikipenda kwa sababu kilifanana na hisabati. Siku ya majaribio kikanionyesha kuwa mimi, kwa alama themanini na nne, namwamini mwanamume aliyewahi kumposa mke wangu. Njia ya imani hiyo ilipitia kwa mke wangu mwenyewe. Sikuuliza zaidi, maana sayansi nayo ina mipaka yake.

Waziri alipopimwa alipata tisini na tisa kwa kila mtumishi wa wizara, mpaka kwa mfagizi ambaye hakuwa na simu. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba fupi ya dakika hamsini.

"Ndugu zangu," alisema, "imani ilikuwa imekaa moyoni, mahali penye giza, pasipofikiwa na mkaguzi yeyote. Leo tumeitoa nje na kuivalisha namba."

Tulipiga makofi. Mashine ikayahesabu.

*

Mwananchi wa kwanza kufikisha mia alitumiwa cheti kwa posta. Cheti kikarudi na maelezo kwamba mwenyewe amehamia gerezani, kwa sababu ya kuwaandikia wajane asiowajua, miaka mitatu mfululizo, "Mpendwa, Mungu akutunze, nimekuota." Tulikaa kikao juu ya jambo hilo. Tukaona hakuna sheria inayokataza cheti kwenda gerezani, tukakipeleka na picha tukapiga.

Upande wa pili, wazee walioishi kwenye ndoa miaka arobaini walipata sifuri. Hawakuwa wamewahi kuandikiana hata neno moja. Wanalala chumba kimoja, waandikiane nini? Mashine ikawatambua kuwa ni watu wasiojuana, na kwa kuwa Kanuni ya Tisa inakataza wasiojuana kulala chumba kimoja bila kibali, mwezi ule tulitoa vibali mpaka mihuri ikaisha wino.

Lakini Kanuni ya Kumi na Nne ndiyo nitakayoiombea msamaha mpaka naingia kaburini, basi acha niieleze. Ilisema kwamba mtu asihudhurie harusi, ubatizo, hitima wala mazishi ya mwenzake ikiwa alama yao iko chini ya thelathini, bila kujali cheo wala undugu. Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mimi ili magazeti yatusifu. Waziri aliniuliza mazishi yana hatari gani, maana anayezikwa hadhuriki tena. Nikamjibu kwamba mtu asiyemwamini marehemu huenda amekuja kuhakikisha tu. Waziri akacheka sana, akaweka sahihi. Siku ile nilijiona mtu mwenye akili, nikapitia dukani nikanunua viatu vipya.

Alama zangu mwenyewe sikuziangalia. Kinyozi hajinyoi, na mimi nilikuwa na nchi nzima ya kunyoa.

*

Asubuhi moja Waziri akaniita. Mbele yake palikuwa na orodha ya wakurugenzi wote na alama zao za chini kabisa. Wenzangu walikuwa na hamsini, arobaini na tano, mmoja thelathini na mbili kwa mkwewe. Mbele ya jina langu paliandikwa hasi arobaini na moja. Mashine niliiambia iishie sifuri. Kumbe ilipofika kwangu ilijichimbia yenyewe chumba cha chini.

"Mkwende," Waziri akauliza, "huyu Hemedi Chikoti ni nani, na amekufanyia nini?"

Chikoti ni mtani wangu. Mimi ni Mtope, watu wa bondeni, na yeye ni Mkilele, watu wa mlimani. Zamani watu wa makabila yetu walipigania kisima cha chumvi mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watapigana kwa midomo tu. Kwa hiyo mtani hakasirikiwi. Atachukua kuku wako mchana kweupe nawe utamfungulia mlango, atakuumbua mbele ya wakwe nawe utacheka. Siku ukifa, yeye ndiye atakayekuja kulala mlangoni pako amevaa nguo zako, akuigize mpaka waliofiwa wacheke bila kutaka. Kwetu mtu aliyezikwa bila mtani tunasema amefukiwa.

Kila asubuhi kwa miaka tisa, tangu Kijiwe kianze, Chikoti alinisalimu hivi: "We mla vyura, bado hujafa tu?" Nami nilimjibu: "Nikifa nani atakukumbusha kuoga?" Maana Wakilele, kwa baridi ya kwao, tunasema huoga mara mbili, wakizaliwa na wakioshwa. Hizo ndizo zilikuwa barua zetu zote.

Alikuwa na mashine ya kusaga kijijini kwetu Kisimachumvi, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu. Mwaka wa mafuriko alimbeba mama mgongoni akavuka naye mto, akinung'unika njia nzima kwamba Watope wana mifupa mizito kwa sababu ya dhambi. Nilipopasuliwa tumbo, yeye ndiye aliyenitolea damu, kisha akaniandikia: "Sasa una damu ya watu. Utaacha wizi." Niliposoma maneno yale kitandani nilicheka mpaka mshono ukauma. Mashine iliyasoma baadaye ikatupunguzia alama tano.

Hayo yote nilipaswa kumweleza Waziri. Nilichosema ni hiki: "Ni mtu wa kijijini tu, Mheshimiwa."

Basi mjue mnamsikiliza nani.

Waziri akanipa siku kumi na nne. Ama niiponye alama ile, ama mimi na Chikoti tutie sahihi Hati ya Kutengana, tusikaribiane tena hatua mia, kwa sababu haiwezekani Mkurugenzi wa Vipimo vya imani awe na adui rasmi. Wakati huo kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Waziri hakukitaja, alikitazama tu kupitia mlango wa pili, nami nikakitazama pia. Kilikuwa kiti kizuri, cha kuzunguka.

*

Kesho yake asubuhi, kabla Chikoti hajaniwahi, nikamwandikia: "Ndugu Hemedi, habari za asubuhi. Natumaini u mzima wa afya. Nachukua nafasi hii kukushukuru kwa urafiki wako." Nikaongeza viganja viwili vilivyokutanishwa.

Jibu lilikuja mara moja. "Nani kafa?"

Nikaandika kwamba hakuna aliyekufa, namtakia tu siku njema. Hakujibu tena. Saa nane mchana mlango wa ofisi yangu ukafunguliwa, Chikoti huyo, amedandia lori la mkaa mwendo wa saa nne, unga wa mahindi ungali kwenye nyusi. Mkononi alishika chupa ya uji wa mgonjwa, ambao mama yangu aliupika mbiombio baada ya kusikia kuwa mwanawe anaandika maneno ya kuaga. Chikoti hakunisalimu. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha akauliza daktari amesemaje.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, mpaka nikamchorea. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tujuane, kisha akauliza swali moja tu: akiendelea kunisema kama alivyozoea, nitafukuzwa kazi? Nikasema huenda. Sikumwambia habari za kiti.

Akapangusa unga usoni kwa mkono wa shati.

"Basi nitakuheshimu," akasema.

Akaiacha chupa ya uji mezani, akaondoka. Na kweli akaniheshimu. Asubuhi iliyofuata aliandika: "Mheshimiwa Mkurugenzi, asubuhi njema, natumaini umeamka salama." Ya pili yake vivyo hivyo. Siku ya tano aliniandikia shikamoo, mtu tuliyeingia naye jando siku moja na yeye ndiye aliyelia kidogo kuliko mimi, na mashine ikatupa alama kumi kwa mpigo. Ndani ya siku kumi na mbili tulitoka chumba cha chini tukafika themanini na nane. Waziri alinipongeza mbele ya wakurugenzi wote, nikapewa kiti. Nilikizungusha mara moja kikalia kidogo, nikaita fundi akakitia mafuta.

Ujumbe wa Chikoti niliujibu siku mbili tatu, kisha nikaacha hata kuufungua. Nani husoma barua za kiofisi asipolazimika?

Mama naye alikuwa akiniandikia. Simu alijifunza akiwa na miaka sabini na nne, na neno alilojua kuandika lilikuwa moja tu: "Umekula?" Kila siku saa saba mchana liliingia, bila salamu wala jina. Nilikuwa nimekusudia kumjibu nikipata nafasi, ila kazi ya kujenga imani ya taifa ilikuwa nyingi mno.

*

Ujumbe ulifika Jumanne saa tatu asubuhi. Niliufungua saa kumi, wakati wa chai, kwa sababu simu iliniambia imejaa na kunitaka nifute nisivyovihitaji. Nilikuwa nauchagua pamoja na wenzake niufute, nikaona neno mama.

"Mheshimiwa Katibu Mkuu, asubuhi njema. Kwa masikitiko makubwa nakujulisha kuwa mama yako mzazi, Bi. Melania, ameaga dunia alfajiri ya leo. Tafadhali pokea salamu zangu za rambirambi. Wako mtiifu, H. Chikoti."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za kifo cha mama yangu, kwa lugha fasaha. Niliurudia ujumbe ule mara tatu nikimtafuta Chikoti humo ndani, sikumwona. Lile neno la mama la saa saba siku ile halikuwa limeingia, na mimi sikuwa nimegundua. Mpaka leo jambo hilo likinijia huacha ninachofanya nikakaa kwanza.

Wizara ikaamua kuendesha mazishi yenyewe, kwa heshima yangu. Nilipofika Kisimachumvi kesho yake mchana nilikuta ua wa mama umezungushiwa utepe wa bluu na viti vimepangwa kwa mujibu wa alama. Langoni alisimama askari wa kike mwenye kishikwambi. Ndani walikaa watu wa wizara na watu wa chama. Mama hakuwajua, lakini mwenyekiti wa kata alikuwa na mazoea ya kumtumia kila mwananchi salamu za mwaka mpya zenye viganja vingi, kwa hiyo mama alimwamini mwenyekiti, mwenyekiti akamwamini Waziri, Waziri akawaamini wote hawa, na kifungu changu kipenzi kikafanya yaliyobaki. Nje ya utepe, juu ya magunia, walikaa wanawake waliochota maji na mama miaka hamsini. Hao hawakuwahi kumwandikia chochote.

Nikamwambia askari kwamba mimi ni mtoto wa marehemu. Akaliingiza jina langu, akasoma, akasoma tena. Kisha akasimama wima, maana alikuwa amelelewa.

"Mzee, samahani," akasema. "Inasema kumi na mbili."

Nikamwambia kuna kosa. Akanigeuzia kishikwambi nione mwenyewe, na hapakuwa na kosa. Maswali yasiyotanguliwa na salamu, elfu moja na tisini na sita. Majibu ya mtoto, kumi na tisa. Nikamkumbusha kuwa mimi ni Katibu Mkuu. Akanisomea Kanuni ya Kumi na Nne kwa sauti ya huruma, mpaka pale penye maneno ya bila kujali cheo wala undugu. Nilirudia hesabu ile kichwani nikiwa nimesimama pale pale. Ilikuwa sahihi. Katika maisha yangu yote ni hesabu moja hiyo tu niliyowahi kuipiga ikatoka sawasawa.

*

Nje ya lango palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Chikoti na kikapu magotini. Yeye kwa mama alikuwa na hasi thelathini. Kila asubuhi alikuwa akimwandikia: "We bibi wa vyura, leo unakuja kusaga au tukusage wewe?" Na mama, kila asubuhi, alimjibu kwa lile neno lake moja.

Alisogea kunipisha. "Pole sana, Mheshimiwa," akasema.

Tukakaa. Kutoka ndani kipaza sauti kilituletea hotuba ya Waziri, kwamba marehemu Bi. Merania alikuwa mhimili, kielelezo na nembo ya mawasiliano yenye staha. Jina alilikosea mara zote. Hakuna aliyelia mle ndani, na hakuna aliyecheka. Mama yangu alikuwa anafukiwa.

"Chikoti," nikamwambia, "nitukane."

"Siwezi, Mheshimiwa. Utapoteza kazi."

"Moja tu."

Akatazama viatu vyake, akasema kwamba aliahidi kuniheshimu na yeye ahadi hutunza. Hapo nikashindwa kujizuia. Nililia kwenye benchi lile bila hata leso, kamasi zikashuka kwenye tai ya serikali, na katikati ya kulia nikamwambia lile nililopaswa kumwambia siku ya uji: kwamba Waziri aliponiuliza Chikoti ni nani, nilisema ni mtu wa kijijini tu, na kwamba palikuwa na kiti.

"Nilijua," akasema. "Mtope hawezi kuficha jambo. Uso wenyewe unaropoka kabla ya mdomo."

Nikageuka kumtazama. Bado alikuwa anatazama viatu, lakini mkono wake ulikuwa umeingia kikapuni.

Jeneza likaanza kutoka. Makaburi yetu yako ng'ambo ya barabara, kwa hiyo lazima lipite langoni, na mbele kushoto alishika Waziri mwenyewe, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yake. Chikoti akasimama. Kikapuni akatoa kanga ya njano yenye mabibo, ile ya mama ya kwendea kanisani, ambayo nilikuja kuambiwa kwamba mama alimkabidhi mwezi mmoja kabla, pamoja na maelekezo. Kipande kimoja akajifunga kiunoni, kingine kichwani. Akavuka utepe akichechemea mguu wa kulia, sawasawa kabisa na goti la mama wakati wa mvua, akafika katikati ya lango, akajilaza chini.

Msafara ukasimama. Askari akatafuta kwenye kishikwambi, na hapakuwa na kifungu cha mwanamume aliyelala chini amevaa kanga.

"Sipiti," Chikoti akasema kutoka pale chini, na sauti ilikuwa ya mama, ile kavu ya puani. "Nimekula vyura wangu kwa amani miaka sabini na saba, leo nabebwa na makoti nisiyoyajua. Huyu wa mbele ananiita Merania. Merania ni mama yake."

Kisha kwenye magunia bibi mmoja akacheka. Alijiziba mdomo, kicheko kikampita vidoleni, na wa pili yake akadakia, na punde wanawake wote wa kisimani walikuwa wanacheka huku wakishikana mabega, na ndani ya kicheko hicho hicho kilio kikafunguka, kilio chenyewe hasa, ambacho tangu jana kilikuwa kimekosa mlango. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikujua nifute wapi kwanza.

Waziri aliuliza kwa sauti ya chini huyu mtu anataka nini. Wanawake wa kwenye magunia wakamjibu wote kwa wakati mmoja kwamba huyo ni mtani, na mtani akilala mlangoni maiti haipiti mpaka apewe anachodai, ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya wizara. Waziri alikuwa na ratiba. Akaamuru apewe jogoo, upesi.

Chikoti akainua kichwa. Safari hii alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Jogoo wenu amekonda. Nileteeni lile jizi la vyura lililokaa kwenye benchi. Lina elimu ya kupima nchi nzima, neno moja la mama yake limelishinda kujibu. Lije libebe."

Vyeo nimepewa vingi, na hakuna nilichokipokea kwa furaha kama hicho. Nilipoinuka simu ilitetemeka mfukoni, maana mazishi yalikuwa yanarushwa Kijiweni neno kwa neno, alama yetu ikishuka, sabini, thelathini, sifuri, ikaendelea kwenda chini. Ya Waziri nayo ikatetemeka, maana arifa zangu humfikia, na nikamwona akiisoma na kunitazama, nikajua kiti kimeenda. Askari aliniangalia mimi, akaangalia kishikwambi, kisha akavua kofia yake akakifunika nayo. Nikapita.

Waziri akaniachia mpini wa mbele kushoto. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko nilivyotazamia. Chikoti alikuwa ameshainuka, akanijia akichechemea, kanga ya mama kichwani, akanishika kidevu kama mama alivyokuwa akinishika nikitoka shule.

"Wewe," akaniuliza kwa sauti ile ya puani, "umekula?"

"Bado, mama," nikajibu, na tukaanza kutembea.